Kati ya Duara na Duara

Karibu kila kitabu cha fizikia cha sekondari nchini Kenya kina mchoro uleule: visanduku vitatu vyenye maduara ndani. Katika kisanduku cha yabisi maduara yamepangwa safusafu yakigusana. Katika cha kimiminika yamelegea kidogo. Katika cha gesi yametawanyika, kila moja na kishale chake cha kuonyesha linakoelekea. Mwanafunzi wa Kaloleni, Buruburu au Kayole jijini Nairobi huunakili mchoro huo daftarini, hukariri kwamba maada imeundwa kwa chembe, kisha darasa husonga mbele. Wapo wasiosonga. Hubaki wakiukodolea macho mchoro na kuuliza mambo ambayo aliyeuchora hakuyawazia.

Nimeyasikia maswali hayo mara nyingi kwa vijana wanaojisomea katika maktaba za umma za Kaloleni na Makadara, na kadiri ninavyoyasikiliza ndivyo ninavyoamini jambo moja. Swali zuri kuhusu chembe huzaliwa pale mwanafunzi anapouchukulia mchoro kwa uzito zaidi kuliko mchoraji mwenyewe alivyouchukulia. Kwa hiyo halifai kufungwa kwa kauli ya kwamba haliko kwenye silabasi. Lijibiwe kwa kumwonyesha anayeuliza ni wapi hasa mchoro unakoma kusema kweli.

Swali la kwanza huwa hili: kati ya duara moja na jingine mna nini? Wengi hujijibu wenyewe kwamba mna hewa. Jibu hilo lina mantiki yake, maana chupa au debe tunaloliita tupu huwa limejaa hewa. Lakini hewa nayo ni chembe. Ukisema kati ya chembe za hewa mna hewa, umerudi ulikoanzia. Kati yake hamna kitu. Ni utupu mtupu, na mwanafunzi anayelikubali hilo bila kushtuka pengine hajalielewa.

Ukubwa wa utupu huo unaweza kukadiriwa jikoni. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka karibu nyuzijoto 95, si 100. Chemsha lita moja ya maji mpaka sufuria ikauke, na mvuke uliotoka utakuwa umechukua nafasi ya takriban lita 2,000. Molekuli, yaani chembe za maji, ni zilezile. Hazikuongezeka wala hazikuvimba. Mzizi wa tatu wa 2,000 ni kama 12.6, yaani katika mvuke umbali wa molekuli moja hadi jirani yake ni zaidi ya mara 12 ya ulivyokuwa katika maji. Sasa rudi kwenye kisanduku cha gesi kitabuni upime kwa rula. Aghalabu utakuta mchoraji ameacha pengo la maduara mawili matatu tu, kwa kuwa karatasi ni ndogo. Kisanduku cha kimiminika nacho, ambacho vitabu vingine hukiachia mapengo makubwa, kilipaswa kusongamana karibu sawa na kile cha yabisi.

Hapo hufuata swali dogo: chuma kikipata moto, chembe zake huvimba? Hapana. Ufito wa chuma wa mita moja ukipashwa kwa nyuzi 100 hurefuka kwa takriban milimita 1.2, na urefu huo wote umetokana na atomi kutetemeka kwa nguvu zaidi na kuachana kidogo.

Swali linalonivutia kuliko yote linahusu vile vishale. Mwanafunzi akisoma kupita kitabu cha darasa hugundua kwamba molekuli za hewa ya chumbani hukimbia kwa wastani wa mita 500 hivi kwa sekunde. Hizo ni kilomita 1,800 kwa saa. Kwa mwendo huo molekuli ingeuvuka mtaa mzima wa Umoja kwa sekunde chache. Basi anauliza: mtu akianza kukaanga mandazi upande huu wa soko la Mutindwa, mbona aliye upande wa pili hapati harufu papo hapo?

Mwaka 1858 Christophorus Buys Ballot, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uholanzi, aliuliza jambo hilohilo kwa nia ya kuiangusha nadharia ya Rudolf Clausius wa Ujerumani. Kama kweli molekuli zinakimbia hivyo, alisema, gesi mbili zingechanganyika mara moja, na moshi usingening'inia hewani kwa utulivu. Clausius alimjibu mwaka huohuo, na jibu lake likawa mojawapo ya nguzo za fizikia ya gesi. Molekuli hukimbia, ndiyo, lakini haifiki mbali kabla ya kugonga nyingine. Katika hewa ya kawaida husafiri wastani wa chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, inagonga, inageuka, inagonga tena, mabilioni ya mara kwa sekunde. Safari ya namna hiyo ina hesabu yake ya kushangaza: ili kufika mbali mara mbili, unahitaji muda mara nne. Ili kufika mbali mara kumi, unahitaji muda mara mia.

Wengi wakifika hapo hufunga kitabu wakiridhika. Nawasihi waendelee na hesabu hatua moja zaidi. Kwa kugongana huko pekee, katika hewa iliyotulia tuli, harufu ingehitaji saa nyingi, hata siku, kuvuka chumba cha mita tatu. Lakini sote tunajua kwamba harufu ya mandazi hufika kwa dakika chache tu. Swali limegeuka kichwa chini: tulianza kwa kuuliza mbona harufu inachelewa, sasa tunauliza mbona inawahi. Sababu ni upepo. Hewa ya moto inapanda kutoka kwenye karai, watu wanapita, mlango unafunguliwa, na mkondo wa hewa hubeba harufu kwa mkupuo. Vitabu vingi hutumia harufu kama mfano mkuu wa chembe kujisambaza zenyewe, na mfano huo haufai. Ni vivyo hivyo kwa punje ya potasiamu pamanganeti inayotiwa majini mbele ya darasa. Ile rangi ya zambarau inayoenea kwa dakika chache inasukumwa zaidi na mikondo ya maji. Katika maji yaliyotulia kabisa, sentimita moja tu ingechukua saa kadhaa.

Ushahidi wa kweli wa chembe uko katika jaribio jingine ambalo limo kwenye silabasi na hupitwa haraka: kisanduku cha moshi chini ya hadubini. Mwanga ukiingizwa kutoka ubavuni, vinaonekana vidoa vinavyorukaruka bila mpango. Vidoa hivyo ni punje za moshi, si molekuli, na hapa wanafunzi wengi huchanganya. Molekuli za hewa hazionekani. Kinachoonekana ni jinsi zinavyozisukuma punje huku na huku. Robert Brown aliuona mtikisiko wa aina hiyo majini mwaka 1827 na asiweze kuueleza. Einstein aliuwekea hesabu mwaka 1905, kisha Jean Perrin wa Ufaransa akaupima kwa uangalifu mkubwa hata akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1926. Wilhelm Ostwald, mkemia mashuhuri wa Ujerumani, alizikataa atomi hadi karibu 1909. Mwanafunzi anayesita kuamini vitu asivyoviona hana sababu ya kuona haya.

Buys Ballot alikuwa profesa, kwa hiyo swali lake lilijibiwa kwa makala. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba nchini Tanganyika, yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Maziwa yalitakiwa kuchemshwa na kupozwa kabla ya kuingia kwenye friji, lakini nafasi zilikuwa zikijaa, naye akayaingiza yakiwa bado ya moto. Yake yakaganda kabla ya yale ambayo mwenzake aliyatia bila kuyachemsha. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza hata alipofika Mkwawa, Iringa, ambako darasani jambo hilo likawa mzaha wa kumtania. Huko alimkabili Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walicheka. Osborne alirudi chuoni akafanyiza majaribio, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education.

Kisa hiki husimuliwa kana kwamba mambo yaliishia kwenye ushindi. Ukweli una uzito zaidi ya huo. Hadi leo wanafizikia wanabishana kama maji ya moto huwahi kuganda, na lini. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walichapisha majaribio yao wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Wengine wanaendelea kuutafuta. Kinachonihusu hapa ni jibu ambalo Mpemba alipewa mwanzoni, kwamba haiwezekani. Hoja ya kawaida ya kulitetea ni kwamba maji ya moto lazima kwanza yapite kwenye joto la yale baridi. Hoja hiyo inachukulia kwamba namba moja, joto la wastani, inaeleza hali nzima ya chombo cha maji. Haielezi. Vyombo viwili vyenye wastani mmoja vinaweza kutofautiana kwa mikondo ya ndani, kwa kiasi cha maji yaliyopotea kwa mvuke, na kwa joto la sehemu ya juu ambako joto hutoroka. Osborne alikazia hilo la mwisho. Mpemba aliuliza swali ambalo kisanduku cha maduara tulivu hakiwezi hata kuliandika.

Kisanduku cha yabisi nacho kina swali lake. Sasa twende Kamukunji. Mwanafunzi anayejiunga na shule ya bweni hununuliwa sanduku la bati, na ukiwa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ni rahisi sanduku hilo liwe limetoka kwa mafundi wa jua kali wa huko, wanaogonga mabati kutwa nzima kati ya mlio wa nyundo na nyundo. Ukipita hapo ukiwa na mchoro wa yabisi kichwani, lazima ujiulize: ikiwa atomi za chuma zimepangwa safusafu na kushikana kwa nguvu, mbona bati hukunjika badala ya kuvunjika kama kioo? Nyundo inazifanya nini zile safu?

Mwaka 1926 Yakov Frenkel, mwanafizikia wa Urusi, alikokotoa nguvu inayohitajika kuitelezesha safu moja nzima ya atomi juu ya nyingine. Akapata nguvu kubwa mno, mamia hata maelfu ya mara kuliko ile ambayo chuma halisi huhitaji. Kwa hesabu hiyo hakuna fundi ambaye angekunja bati kwa mkono. Ufumbuzi ulikuja mwaka 1934 kutoka kwa watu watatu waliofanya kazi kila mmoja kivyake: G. I. Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi. Walisema safu haziko kamili. Ndani ya chuma mna safu zinazoishia njiani, katikati ya nyingine, na pale zinapoishia mishikamano ya atomi imevutika tayari. Nguvu kidogo hutosha kuisogeza kasoro hiyo hatua moja, halafu nyingine, ikikata mstari mmoja wa mishikamano kwa wakati badala ya yote kwa pamoja. Ikishavuka hadi upande wa pili, safu imeteleza hatua moja na atomi zimeshikana upya; zikivuka nyingi, bati limekunjika. Wazo hilo lilisubiri zaidi ya miaka 20 kabla ya Peter Hirsch na wenzake wa Cambridge kuziona kasoro hizo zikitembea chini ya hadubini ya elektroni, mwaka 1956.

Kasoro hizo zinaeleza pia kile ambacho kila fundi anakijua kwa mikono. Bati likikunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja huwa gumu, kisha hukatika. Kila pigo huzalisha kasoro mpya, zinazidi kuwa nyingi, zinakwamana, hakuna inayosogea tena. Chuma kikitiwa motoni kikapoa polepole, atomi hupata nafasi ya kujipanga upya na ulaini hurudi. Kwa hiyo kisanduku cha yabisi katika kitabu kina dosari ya ajabu: kimepangwa vizuri kupita kiasi. Kama chuma kingekuwa nadhifu namna ile, Kamukunji isingekuwapo. Na mtahini wa KCSE akiuliza kwa nini metali hufuliwa, mwanafunzi aliyesimama pale akitazama ana mengi ya kuandika kuliko sentensi moja ya kukariri.

Kuna swali ambalo huja baada ya mwanafunzi kusikia habari za mwanafizikia Rutherford. Hans Geiger na Ernest Marsden, waliofanya kazi chini yake Manchester mwaka 1909, walizirusha chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu na kuona chache mno zikirudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford alihitimisha kwamba karibu uzito wote wa atomi umekusanyika kwenye kiini kidogo sana. Udogo huo unahitaji kuonwa. Chukua punje ya ndengu uiweke katikati ya City Stadium, uwanja ule wa Jogoo Road uliopewa jina la Joe Kadenge mwaka 2019. Ikiwa punje hiyo ndiyo kiini cha dhahabu, atomi yenyewe itaenea takriban kutoka boksi la goli moja hadi boksi la goli jingine. Vilivyobaki humo ni elektroni 79, ambazo kwa pamoja hazifikii hata sehemu moja ya elfu moja ya uzito wote.

Swali linakuja lenyewe: ikiwa mkono wangu ni nafasi tupu na meza ni nafasi tupu, mbona haupenyi?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba elektroni za mkono na za meza zina chaji ya aina moja, basi zinasukumana. Ni kweli, ila halitoshi. Atomi nzima haina chaji. Ndani yake kuna protoni zinazovuta elektroni za jirani kama vile elektroni zinavyosukumana. Kwa chaji peke yake huwezi kueleza kwa nini maada haibonyei na kujikunja ndani kwa ndani. Sababu ya ndani zaidi ilitolewa na Wolfgang Pauli mwaka 1925: elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali moja mahali pamoja. Na elektroni si vijipunje vinavyozunguka katika uwanja mtupu. Kila moja imetandaa katika nafasi nzima ya atomi, kwa hiyo nafasi ile niliyoiita tupu imeshakaliwa. Kuzisogeza atomi mbili mpaka ziingiliane ni kuzilazimisha elektroni kupanda kwenye hali za nishati ya juu, na mkono wako hauna nishati hiyo. Ilichukua hadi 1967 kwa Freeman Dyson na Andrew Lenard kuthibitisha kwa hesabu kamili kwamba kanuni ya Pauli ndiyo inayoifanya maada iwe na ujazo. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini mkono haupenyi meza ameuliza jambo lililowasumbua wanahisabati miaka 40 baada ya kanuni yenyewe kugunduliwa. Ule mstari wa wino unaolizunguka kila duara, unaoonekana kama ganda, haupo. Atomi haina ukingo. Ina mahali ambapo gharama ya kusogea karibu inakuwa kubwa mno.

Kidato cha nne huleta unururifu na kile kinachoitwa nusu-maisha, na pamoja nacho swali ambalo naliona gumu kuliko yote. Potasiamu-40 ina nusu-maisha ya miaka bilioni 1.25, yaani katika muda huo nusu ya atomi zake zitakuwa zimebadilika. Mwanafunzi anauliza: nusu ipi? Atomi inajuaje kwamba zamu yake imefika?

Haijui. Atomi ya potasiamu-40 iliyokaa miaka bilioni moja ndani ya mwamba ina uwezekano uleule wa kubadilika katika saa ijayo kama wa jirani yake yeyote. Haichoki, haizeeki, haihesabu. Ila ziwapo atomi nyingi sana, jumla yake hufuata mpangilio thabiti kiasi cha kutumika kama saa. Mary Leakey alilipata fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, huko Olduvai, Tanzania ya leo, mnamo Julai 1959. Miaka miwili baadaye umri wa takriban miaka milioni 1.75 ulitangazwa, kwa kupima argoni iliyotokana na potasiamu ndani ya majivu ya volkano yaliyolizunguka. Ulimwengu ulishangaa, maana wengi waliudhania umri mdogo zaidi.

Si lazima kwenda Olduvai. Mtu mzima wa kilo 70 ana takriban gramu 140 za potasiamu mwilini, na asilimia 0.0117 ya atomi zake ni za potasiamu-40. Mwanafunzi mwenye kikokotoo na namba ya Avogadro anaweza kuifanya hesabu hii jioni moja: gawanya 140 kwa 39.1, zidisha kwa 6.02 × 10²³, chukua asilimia hiyo, kisha zidisha kwa 0.693 na ugawanye kwa nusu-maisha iliyogeuzwa kuwa sekunde. Atapata kama 4,400. Atomi zipatazo hizo zinabadilika ndani ya mwili huo kila sekunde, na hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha mapema zitakuwa zipi.

Katika jambo hili, mchoro ule wa kitabuni umesema kweli kuliko mahali pengine popote. Mchoraji alichora maduara yote sawasawa, bila alama wala kovu la kutofautisha hili na lile, pengine kwa kuokoa muda. Atomi za potasiamu-40 zilizo katika hali yao ya kawaida zinafanana kabisa namna hiyo. Hazina kitu kilichojificha ndani, kwa kadiri inavyojulikana, kinachoifanya moja ianze na nyingine isubiri. Einstein hakuridhika na hali hii mpaka alipofariki mwaka 1955. Mwanafunzi wa Dandora anayeuliza kwa nini hii na si ile, fizikia ya leo haina sababu ya kumpa. Inaweza kumpa uwezekano tu, na uwezekano huo imeupima kwa usahihi mkubwa.